Nyuma ya Magunia ya Mkaa

Katika Makongolosi, mji ambao wanaume huamkia makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu na kulala wakiota utajiri, Damari alijulikana kwa mambo mawili: ndizi zake za kupika na heshima yake. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Tukuyu, na kibanda chake cha chakula kilikuwa kando ya njia ipitayo ng'ombe kwenda mnadani. Mchimbaji aliyethubutu kuleta mzaha mchafu mezani pake alihamishiwa kwenye benchi la juani, akamalizia mlo wake huko.

Heshima hiyo ndiyo aliyoipoteza Jumamosi moja asubuhi, mbele ya wateja wake wote.

Chanzo kilikuwa Maganga, mfugaji wa Kisukuma kutoka nyanda za Usangu, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya pama aliyoivua mlangoni mwa Damari tu. Kila alipoleta ng'ombe mnadani alikula hapo. Alimpigilia bati lililong'olewa na upepo. Alimletea mtindi kwenye kibuyu, akauweka mezani bila neno, akaondoka. Mwaka mzima ulipita hivyo. Damari, ambaye hakuwa mtoto, alianza kupaka mafuta mikono kila siku ya mnada, na alijionea haya kwa kufanya hivyo.

Jumamosi hiyo alikuwa akikoroga maharage aliposikia kwato. Aliinua macho, akamwona mzee mwenye mvi, pama kichwani, fimbo begani, akifunga ng'ombe kwenye uzio wake.

"Hodi hapa kwa Mama Damari! Natoka kwa Maganga. Mwenyewe yuko nyuma, anakuja."

Ng'ombe kama wa mahari, mzee, jina la Maganga. Kwao Unyakyusa mke hatazamani na baba mkwe. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia na kujificha migombani hadi mzee apite. Damari alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yake, na mwili wake ulikumbuka kabla akili haijauliza swali lolote. Alijifunika kanga usoni, akainama, akakimbilia nyuma ya magunia ya mkaa, upawa ungali mkononi.

Yusta, muuza vitumbua wa kibanda cha jirani, naye Mnyakyusa, alielewa mara moja.

"Jamani! Damari ana mkwe!" Akapiga kigelegele. "Mwenzetu kaolewa kimyakimya, hata soda hatujanywa!"

Wachimbaji wakaacha chai. Mmoja akagonga sahani kwa kijiko kama ngoma. Mzee akatazama umati, kisha magunia, kisha umati tena.

"Mkwe wa nani? Mimi ni Saulo, mchungaji tu, Maganga kaniajiri. Ng'ombe hawa wanakwenda mnadani. Nimeingia kuomba maji." Akainama kuelekea kwenye mkaa. "Mayu, mama yangu, nimekukosea nini?"

Kicheko kilichofuata kilifika makarashani.

Damari aliganda pale alipochuchumaa. Amejitangaza mke wa mtu ambaye hajamtamkia neno! Masikio yalimwaka, mchuzi wa upawa ulimtiririkia hadi kiwikoni. Na chini ya aibu ile kulikuwa na hasira. Hakuna aliyemcheka mwanamume aliyekuja mwaka mzima na mtindi wake na kinywa kilichofungwa. Aliyechekwa ni mwanamke aliyethubutu kuelewa.

Maganga alipofika, Yusta alimsimulia yote na kuongeza chumvi yake. Hatua zikasogea, mtu akachuchumaa upande wa pili wa magunia.

"Mama Damari. Maharage yanaungua."

"Yaungue."

"Toka, basi."

"Nitoke niende wapi, Maganga? Nikahudumie watu kwa uso upi?"

Maganga akaizungusha pama mikononi.

"Mimi ndizi za kupika hazinishuki," alisema hatimaye. "Tangu mwanzo. Nazisukuma kwa maji."

"Sasa kila ukija unaziagiza za nini?"

"Zinachelewa kuiva. Napata nafasi ya kukaa."

"Sema kwa sauti, huku hatusikii!" alipaza Yusta.

Maganga alikuwa ameikunja pama yake mikononi kama mtu akamuaye nguo. "Baba yangu alishafariki," akasema. "Ila ninaye baba mdogo, yuko Ubaruku. Nilikuwa naogopa utanicheka. Nimlete, umkimbie kwa haki?"

Damari alipima yote mawili. Akikataa, angeweza kuokoa kipande cha heshima yake. Angedai ni moshi uliomkimbiza. Akikubali, kila kilichochekwa asubuhi ile kitakuwa kweli, na mji mzima utajua kwamba alikuwa akingoja. Alifuta kiwiko chake kwa ncha ya kanga.

"Aje," alisema. "Lakini apige hodi tangu barabarani, nijiandae. Na hao ng'ombe waondolewe, wanakula mchicha wangu."

Alitoka na masizi shavuni, macho chini, akapita katikati ya vigelegele kama mtu avukaye mto wa maji baridi. Aibu haikumtoka siku hiyo, wala wiki iliyofuata, Yusta alihakikisha. Alichota maji, akamsogezea Saulo, ambaye kiu yake watu wote walikuwa wameisahau. Mzee, aliyekwisha kuelezwa desturi ya watu wa Tukuyu, akageukia ukuta kwa adabu kubwa, akarudisha mkono nyuma kukipapasa kikombe, akakipiga kikumbo, na maji yote yakaishia ndani ya pama iliyokuwa mikononi mwa Maganga.