Jino Lililovunjikia Kwenye Mkate

Binti yangu alikuwa na miaka minane alipoteleza penye bomba la mtaa wetu kule Panda, bidoni ya maji kichwani, akagonga mdomo kwenye saruji. Jino la mbele, lile jipya la ukubwani, lilitikisika kidogo kisha likatulia. Tukamshukuru Mungu. Baada ya majuma kadhaa likageuka kijivu, na kipele cha usaha kikatokea kwenye ufizi. Mke wangu alikuwa ametoka kujifungua, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka binti kwa daktari wa meno mjini.

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alinionyesha picha ya jino.

"Papa, muzizi ya hii jino haiyakomaa. Kule mwisho iko wazi, na ukuta yake iko mwembamba. Ndani kumekufa, basi haitakomaa tena."

"Itapona?"

"Tutaisafisha, tutatia dawa ya chokaa ili kule mwisho kufunge. Lakini haitakuwa na nguvu sawa ile ya pembeni. Na hii dawa isikae humo sana, inazidi kuregeza jino. Umurudishe mwezi yenye kuya, tuibadilishe."

Mimi nachoma chokaa kwenye tanuru za Kakontwe. Najua inavyopasua ngozi ya mikono. Sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Siku ile mtoto alilia tangu sindano hadi mwisho, amening'inia kwenye shati langu mpaka kifungo kikang'oka. Nyumbani uvimbe ukaisha, akaanza kula na kucheka.

Siku ya kurudi tulifika hadi langoni pa kliniki. Akasimama.

"Papa, turudie ku nyumba. Hainiumi tena."

Nilimwona anavyotetemeka, nikashindwa. Nikamnunulia mandazi, tukazunguka sokoni, na nyumbani nikamwambia mama yake kwamba daktari hakuwepo. Binti alikuwa kando yangu. Nikamkonyeza, naye akanyamaza. Tangu hapo, kila mke wangu alipouliza, nilisema tutaenda. Mvua zikaja, zikaisha.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa mezani tukinywa chai. Mtoto akauma mkate, mkate laini wa asubuhi ile, kisha akaacha kutafuna. Akatemea kipande cha jino kiganjani. Lilikuwa limekatika karibu na ufizi. Hakulia. Aliniangalia mimi, si mama yake.

"Papa, ni makosa yangu. Ni minye nilikulomba turudie."

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Mulirudia wapi?"

Nikamwambia mtoto kwanza kwamba kosa halikuwa lake. Halafu nikamweleza mama yake yote, hata mandazi.

"Jino ni jino," akasema mwishowe. "Lakini weye ulimufundisha mutoto kunificha."

Safari hii yeye ndiye aliyeingia na binti, mimi nikafuata nyuma nimembeba mdogo wake. Picha ilionyesha ufa ulioshuka ndani kabisa ya mzizi. Ilibidi jino litolewe. Nilimwuliza daktari kama lingepona iwapo ningemrudisha kwa wakati wake.

"Siwezi kukuapia, papa. Meno ya namna hii inavunjika hata ikitunzwa. Lakini tungejaribu."

Nilitamani anitukane.

Sasa binti yangu ni msichana, ana jino la bandia la kuvaa na kuvua. Kwa muda mrefu alicheka amefunika mdomo kwa kiganja. Akiwa na wenzake amesahau tabia hiyo. Nikiingia mimi, bado nauona mkono ukiinuka.

Jino likihitaji kurekebishwa, huenda na mama yake. Hakuna aliyenikataza kufuatana nao. Huwa natafuta kazi ya kufanya uani, na wakirudi sithubutu kuuliza kama iliuma. Nawauliza kama wamekula.