Sketi Thelathini na Nane za Wenzake

Mwaka huu Mama Pindo ameshona sketi thelathini na nane za shule ile ya jirani. Ya binti yake, hata moja.

Si kwamba binti alifeli. Alifaulu, ila nafasi zilikuwa arobaini na waliofaulu walikuwa wengi. Waliobaki wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri, karatasi moja iliyobandikwa dirishani kwa karani. Mzazi mmoja akijitoa, wa chini wanapanda ngazi moja. Binti alianza namba tisa. Kila Jumatatu mama yake alipita kuchungulia, mpaka akafika namba moja, akaganda hapo wiki tatu kama gari lililoishiwa mafuta.

"Si umshonee tu?" mumewe alisema.

"Mimba haijatungwa, wewe unanunua kofia ya mtoto?"

Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ikishafungwa, ndiyo basi mpaka mwakani. Alhamisi asubuhi akaingia dukani muuguzi mmoja, mteja wake, na mfuko mkononi.

"Shoga, nisaidie kuuza hii sketi ya shule, haijavaliwa hata siku moja. Mwanangu anahamia kwa bibi yake, kapata shule kule kule."

Cherehani ikanyamaza. "Umewaambia shule?"

"Si watamwona hayupo?"

Hapo ndipo penye mfupa. Mtoto asiyefika, shule inamngoja wiki mbili baada ya kufungua. Kiti chake hakihesabiwi kitupu mpaka mzazi aandike barua, hata kama fundi wa sare anajua.

"Dada yangu, keti uandike."

"Nina zamu saa nne!"

"Wagonjwa hawatapona kabla hujafika. Keti."

Karatasi haikuwepo. Mama Pindo akachana ukurasa kwenye daftari la vipimo. Muuguzi akaandika mbio mbio, mistari mitano.

"Huu ndio mwandiko mnaoandikia dawa? Ndiyo maana watu wanakufa. Rudia sahihi, halafu weka tarehe."

Mama Pindo akafunga duka, akaipeleka shuleni mwenyewe. Karani, mzee wa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani, akaipokea barua, akaisoma kwa sauti.

"Kifua arobaini na nne, kiuno..."

"Geuza, baba. Hivyo ni vipimo vya mwalimu wenu wa kwaya."

Akageuza. Akasoma taratibu, kisha akairudisha mezani. "Barua imeletwa na mama wa namba moja. Wewe ungekuwa mimi, ungeamini?"

Mama Pindo akaisukuma barua irudi kwake.

"Nampigia mwenyewe," karani akasema. Simu ikaita mpaka ikakata. Mara ya pili, vilevile. Mama Pindo akaanza kuvuta uzi kwenye pindo la gauni lake, kazi ambayo angemfokea mteja kwa kuifanya. Mara ya tatu sauti ikatoka, kali: "Nimeshaandika! Nipo na mgonjwa!"

Karani akapiga muhuri, akachukua kalamu nyekundu, akakata jina moja na kuandika lingine kwenye daftari la arobaini. "Jumatatu saa moja na nusu. Na sare kamili."

Jioni mumewe alimkuta akifumua ile sketi ya muuguzi, binti kasimama juu ya kigoda, mikono juu.

"Leo umekata kitambaa?"

"Sijakata. Napunguza." Akaingiza pini mdomoni, akaitoa tena. "Kiuno inchi mbili. Urefu siugusi, atakua humo humo."