Meno Meupe ya Bwana Akiba

Juzi niliingia kwenye hoteli moja mpya pale Tunduma, karibu na foleni ya malori, nikaagiza chai na chapati. Kuinua macho, nani katundikwa ukutani ndani ya fremu ya dhahabu? Bwana Akiba! Ndugu yangu, nyongo ilinipanda. Mhudumu akaniona nimekodoa, akasema kwa fahari, "Bango la zamani hilo, mzee. Wageni wanalipenda, wanapiga nalo picha."

Lipendwe na wao. Jina la Bwana Akiba tulimpa sisi, watoto wa wachambuaji kahawa kule Mbozi, miaka ya tisini mwanzoni. Mama alikuwa mchambuaji. Kutwa amekaa juu ya gunia kiwandani, vidole vikitenga punje nzuri na mbovu, jioni anarudi nywele zimejaa vumbi la maganda. Kwenye dirisha la mishahara ndipo bango lilipobandikwa: mwanamume mwenye mashavu manono, noti mkononi, meno yote nje. "Mfanyakazi, weka akiba leo, ucheke kesho!" Na ovaroli safi kabisa. Nani kiwandani pale alikuwa na ovaroli safi? Mfyuu!

Mama alimwamini. Nyumba yetu ya Iyula ilikuwa ya nyasi, ikivuja palepale kitandani kwa bibi, na bibi alikuwa mgonjwa wa kifua. Basi kila mshahara karani wa chama cha akiba alikata chake, tupate mabati. Tulikunywa chai bila sukari, tukala maharage ya chumvi na maji. Mama akisema, "Haba na haba hujaza kibaba," bibi alikohoa kwanza, kisha akauliza, "Kibaba cha nani?" Sisi tulicheka. Mungu atusamehe.

Mvua zilipokaribia, mama alikwenda kuchukua fedha za mabati. Akakuta kufuli mlangoni na wenzake wamekaa chini wanalia. Karani alikuwa keshavuka mpaka wa Nakonde na fedha zetu. Bango lilikuwapo, linacheka. Mama akalibandua, akaja nalo nyumbani.

Kwetu kuta za ndani tulizibandika magazeti kwa uji wa ngano, maandishi yakitazama chumbani, na ndiyo niliyojifunzia kusoma. Bwana Akiba, mama alimpaka uji usoni, akambandika juu ya kitanda cha bibi, uso kwenye udongo. "Huyu hastahili kutuona," alisema. Bibi alifariki mvua hizohizo, beseni la kukinga matone likiwa bado kitandani.

Siku hizi Iyula ni mabati matupu. Nyumba ile haipo, mama hayupo, harufu ya uji ule ukutani sijaisikia tena. Kilichobaki ni meno haya, eti pambo! Nilisonya hadi wa meza ya jirani wakageuka. Kisha nikainuka, nikamgeuza Bwana Akiba, uso ukutani.

"Mzee, mbona unaharibu?"

Nikamlipa mhudumu chai yake, sikuinywa.

"Siharibu, mwanangu. Kwetu ndivyo anavyotundikwa."