Mkataba wa Banda la Kuku

Harufu ya pamba mbichi iliyoshindiliwa guniani bado inanirudisha kwetu, nje kidogo ya Bariadi, msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuingia vijijini. Tulikuwa tumezoea chama cha ushirika peke yake. Sasa magari yakawa yanafukuzana kwenye vumbi, na kila mwenye chumba kikavu akawa mtu wa maana. Baba yangu, mzee Masunga, alikuwa na ghala.

Mnunuzi wa kwanza, bwana mmoja mnene aliyeitwa Kulwa, alileta mkataba wa kulikodi. Baba akanipa niusome, akidai macho yanamsumbua. Nilikuwa msichana wa darasa la nne, nasifiwa shule nzima kwa kusoma, na sifa zilikuwa zimeniharibu. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na kila neno gumu nikaliruka kama dimbwi. Mojawapo lilikuwa "kwa upekee", yaani mwingine asipewe nafasi humo. Baba akaweka sahihi yake, taratibu, kama anayechora.

Wiki iliyofuata akaja mnunuzi wa pili, na baba kwa ukarimu wake akampa nafasi ghalani humohumo. Kulwa alipokuta magunia ya mwenzake, alipiga kelele mpaka majirani wakaacha kuchuma pamba.

"Umevunja mkataba, ngosha! Tutaonana mahakamani, na ghala utalisahau!"

Baba alinitazama nikijificha nyuma ya mama, akaelewa kuwa kuna neno nililoruka. Akasema mbele ya watu wote, "Kosa ni langu. Mimi sijui kusoma."

Kwa aibu niliunyakua ule mkataba, nikausoma upya bila kuruka hata nukta. Nikafika penye "jengo lililo mashariki mwa nyumba".

"Baba, mashariki si kule jua linakochomoza?"

Watu wote wakageuka. Upande huo kulikuwa na banda la kuku la mama. Ghala lilikuwa magharibi.

Mama akamwambia Kulwa, "Basi karibu kwako, shemeji. Ila jogoo ni mkali."

Kicheko kilichofuata kilimkumba hata Kulwa, akajishikilia kwenye mizani asianguke. Jioni ile wanunuzi wale wawili waligawana ghala.

Leo mimi ni wakili wa kesi za biashara: mikataba ya maghala, mauzo ya mazao, bima, usafirishaji. Wateja wakiniuliza nilianzia wapi, huwasimulia kisa hiki kwa majigambo. Ukweli ni kwamba hakimu yeyote angeitupa hoja yangu, maana kila mtu alijua walichokubaliana. Kulwa alishindwa na kicheko, si sheria.

Lakini kuna jambo lililonichukua miaka mingi kulielewa. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Kila Jumapili alifungua Biblia, akafuata mistari kwa kidole huku midomo ikicheza, na kijiji kizima kiliamini anasoma. Siku ile aliiacha heshima hiyo uani, mbele ya majirani, ili wasinitazame mimi. Jumapili iliyofuata alikwenda kanisani mikono mitupu, akaketi mstari wa mbele kama kawaida.