Mashine ya Kula Moshi

Kabla sanduku lile halijaletwa, mimi ndiye niliyekuwa fundi mkubwa katika karakana ya plau na matrekta pale Kitale. Naweza kusema hivyo bila kubishiwa, maana bakoki wangu amekwisha kufa. Kuchomelea chuma nilimfundisha mimi. Tulitahiriwa asubuhi moja, tukapakwa tope la mto mmoja karibu na Chwele, na kwetu waliopitia hayo pamoja huitana bakoki hadi kaburini. Bakoki wako anaweza kunyofoa nyama katika sahani yako, nawe ukacheka. Nilimtoa nyumbani, nikamwombea kazi, nikamshikisha koleo. Halafu mzungu mwenye karakana akanunua mashine.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Moshi wa kuchomelea ulikuwa umetujaa vifuani, na hakuna aliyejali mpaka mzungu mwenyewe alipoanza kukohoa. Mashine ilikuja ndani ya sanduku refu kama kitanda cha mtu mmoja. Ilikuwa na feni, chujio la kuzuia taka kubwa, nyaya nyembamba kama unywele, na nyuma yake safu za vibati vya alumini vilivyosimama karibukaribu bila kugusana. Umeme ukiwashwa, moshi hunata kwenye vibati na hewa hutoka safi. Lakini ilitakiwa ining'inie juu, chini ya paa.

Kuining'iniza ilikuwa kazi yangu. Nilipanda ngazi, nikatoboa boriti za chuma, nikafunga nondo nne, kisha nikakaza nati moja baada ya nyingine mpaka pimamaji ikatulia katikati. Bakoki alikuwa chini akivuta mnyororo wa kuinulia na kunisomea kitabu cha maelezo, kwa sababu yeye alisoma misheni miaka mingi kuliko mimi.

"Mdomo wa kuvuta uangalie kwenye moshi," alisema. "Geuza kidogo. Hapo hapo, bana."

Jasho lilikuwa langu, sauti ilikuwa yake. Taa nyekundu ilipowaka na moshi ukaanza kupinda kuelekea juu, mzungu alipiga makofi, akampa ufunguo wa swichi yule aliyesoma kitabu. Mimi nilikuwa bado juu ya ngazi.

Wivu ulinishika, sifichi. Kila mtu alijua kwamba mzungu alikuwa anatafuta nyapara wa kumwachia karakana akienda likizo kwao. Nyapara angepewa nyumba ya matofali iliyokuwa nyuma ya stoo, na mke wangu alikuwa amekwisha kuchagua ukuta wa kuegemeza kabati lake. Sasa mafundi wote walisema mwenye ufunguo ndiye nyapara. Nilianza kuchukia hata namna alivyoutundika shingoni kwa kamba ya kiatu.

Kila Jumamosi saa sita alizima mashine, akangoja umeme uliobaki uishe, akashusha vile vibati na nyaya pamoja na fremu yao. Aliviloweka katika maji ya moto yenye magadi, akavisuuza, akavianika hadi Jumatatu. Basi. Vilitoka safi lakini vimefifia, na mimi niliona uvivu mtupu.

"Si usugue?" nilimwambia.

"Kitabu kinasema kuloweka tu."

"Ati kitabu! Mama yako aliosha sufuria na kitabu?"

Alicheka sana. Hata kicheko kile nilikionea wivu.

Ijumaa moja akapata habari kwamba shangazi yake amefariki kule Myanga. Alivua ufunguo shingoni, akauweka kiganjani mwangu bila kufikiri mara mbili. "Nioshee kesho, bakoki. Loweka, usisugue."

Nilisugua. Kwetu mwanamke alipimwa kwa migongo ya sufuria zake zilizoanikwa uani, na mama yangu hakuwa na mpinzani. Nilichukua jivu na gunzi la mahindi kama yeye, nikaingia katika kila mwanya mpaka vibati vikang'aa nikajiona uso. Vichache vilipinda, nikavinyoosha kwa kidole. Nyaya mbili zilikatika, nikasema ziko nyingi. Nilitaka mzungu aone tofauti, aseme kumbe tulikuwa na mtu hapa.

Jumatatu nilivirudisha juu mapema. Bakoki alifika na vumbi la safari miguuni, akachukua ufunguo wake, akawasha. Mashine ilitatarika kama bisi kwenye chungu. Cheche za buluu ziliruka, ikatoka harufu kama ya baada ya radi, na taa nyekundu ikazimika. Mzungu alitoka ofisini mbio, akaamuru vibati vishushwe, akaona vilivyopinda vikagusana.

"Nani aliosha?"

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

"Ni mimi, bwana," bakoki akasema. "Niliosha vibaya."

Mzungu hakujua habari za Myanga, na mafundi waliojua waliinamisha vichwa. Alimvua ufunguo shingoni, akatazama huku na huku, akanipa mimi. Vibati vipya vilichukua miezi kufika, na miezi hiyo yote tulikohoa. Vilipofika niliviloweka tu. Mzungu alipoondoka aliniacha nyapara, na kabati la mke wangu likaegemea ukuta wake.

Siku ile ile ya cheche, saa ya chakula, nilimfuata nyuma ya stoo nikamwuliza kwa nini.

"Wewe uko na watoto watano," alisema. "Angekufukuza. Na najua hukutaka kuharibu, ulitaka ing'ae tu." Kisha akanyoosha mkono, akanyofoa kipande cha nyama katika sahani yangu, akakitafuna kwa raha huku akinisimulia mazishi.

Miaka mingi nimemwonea wivu huyo mtu, si kwa ufunguo tena, bali kwa vile alivyokula siku ile. Mimi sahani yangu nilimsogezea yote. Alidhani nilifungua mdomo ili nikiri. Nilikuwa nimeufungua ili nitaje jina lake.