Mkali wa Chumba cha Kufulia

Kwa miaka kumi na saba Mama Pasi alisimama mbele ya pasi kubwa ya hospitali, akinyoosha mashuka. Nafasi ya usimamizi ilipoachwa wazi, chumba kizima cha kufulia kilijua ni yake. Meneja akamwita ofisini, akamkaribisha kiti, akatabasamu.

"Mama, kazi unaiweza. Ila watu wa lugha yenu ni wapole mno. Hapa panataka mtu mkali."

Nafasi akapewa bwana mmoja mwenye miezi minane tu kazini, kwa kuwa watu wa kwao, eti, wakiamkiana utadhani wanagombana.

Mama Pasi alitoka ofisini damu ikimchemka. Hakusema kitu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi: ukimya wake nao ungeitwa upole.

Wiki ya pili bomba la mvuke likapasuka. Watu wakapiga mayowe, na msimamizi mpya akaganda mlangoni kama aliyepigiliwa misumari. Mama Pasi ndiye aliyefoka, "Tokeni nje! Wote!" Akajizungushia shuka lililolowa mkononi, akaenda kufunga koki. Alitoka na kiganja kimebabuka.

Muuguzi akiwa anamfunga bendeji, msimamizi alimjia, machozi yakimlengalenga.

"Dada, nisamehe. Tangu shuleni naitwa mkali. Mimi hata simu ikilia nashtuka."

Siku hiyohiyo akaandika barua ya kuomba kurudi kwenye mashine zake za kufulia.

Meneja naye akaja, anacheka. "Kumbe una sauti! Hebu niambie, mama yako alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa kwetu. Na bibi yangu wa kwetu. Ukali huu ni wangu mwenyewe, sikuuazima kwa mtu."

Akapewa usimamizi. Hakushukuru. Mwezi uliofuata meneja alileta wageni, akamwonyesha kwa fahari: "Huyu hafanani kabisa na wenzake wa kwao."

Mama Pasi akazima pasi.

"Nafanana nao sana," alisema. "Miaka yote hii hujaniuliza hata siku moja nawaza nini. Kazi yako kunisimulia mimi ni nani."

Wageni wakatazama sakafu. Meneja akatoa kicheko kikavu, akawaongoza kwenda jikoni. Hakumfukuza, wala hakumwomba radhi. Mama Pasi akawasha tena pasi, akalikandamiza shuka kwa hasira, na safari hii hakuna aliyethubutu kumwita mpole.