Shingo ya Twiga, Fundi Dari

Walimwita Twiga, na wala hakuwa mrefu. Ni vile shingo yake ilikuwa juu muda wote. Fundi dari, unategemea nini? Tangu hana hata ndevu, kazi yake ni kupanda jukwaa na kukaza bodi za jipsamu kwa skrubu, uso juu, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Akiingia kwa mtu hasalimii kwanza. Anaangalia juu, anasonya: "Nani kakufanyia huu uchafu?" Ndiyo hodi yake hiyo.

Basi shingo ikaanza kulipiza. Maumivu yalianzia shingoni, yakahamia begani, yakateremka mkono wa kulia kama mtu anamchapa na waya wa umeme. Kidole gumba kikafa ganzi. Twiga akajikausha. Akamwambia mkewe kalalia mkono vibaya. Kila siku unalalia mkono vibaya, kwani unao mingapi?

Siri ilipasuka siku drili ilipomponyoka juu ya jukwaa. Ilitua paa! pembeni ya mguu wa shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa chini anampa bodi.

"Shemeji! Ukiniua dada atabaki na nani?"

"Si nipo mimi?"

"Wewe utakuwa jela!"

Wakacheka. Lakini Twiga alijaribu kukunja ngumi, ngumi ikagoma. Na fundi asiye na mkono ni nani? Ni mtu wa kukaa barazani kuhesabu magari tu.

Mkewe hakucheka. Yule mama akikasirika hapigi kelele, anavaa viatu. Akavaa viatu, huyo, na mume nyuma yake, mpaka hospitali. Vidonge vikatolewa, mazoezi yakafanywa, wapi! Waliporudi, daktari, dada mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, akawaonyesha picha ya kipimo. Kati ya pingili za shingo kuna vimto laini vinavyozuia mifupa isisagane. Kimoja kimepasuka, kipande kimechomoza na kuukalia mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi.

"Nguvu za mkono zinapungua," daktari akasema. "Tukizidi kusubiri, huenda zisirudi zote."

"Kwa hiyo mnanikata shingo."

"Natoboa kitundu kwa nyuma, kidogo kuliko ukucha wako. Naingiza mrija mwembamba wenye kamera na taa, naona kila kitu kwenye skrini, natoa kile kipande, natoka. Hatari zipo, sikufichi. Ila kwa shida kama yako, wengi hupata nafuu."

"Daktari, mimi si kuku."

"Ndiyo maana nakuomba ruhusa. Kuku haombwi."

Mkewe akaziba mdomo asicheke. Twiga akanyanyuka, akatoka. Hataki. Shingo ni ya kwake, basi!

Sasa wiki hiyohiyo wakaitwa kwenye nyumba ya mama mmoja, dari ya sebule inavuja, ina doa kubwa kama ramani. Shemeji mtu kashika nyundo, anataka kushusha dari nzima.

"Wee! Weka chini!" Twiga akafoka. "Bodi nzima zote hizi unazibomoa ya nini? Una wazimu?"

Akachomoa taa ya dari, kikabaki kitundu. Akafunga simu yake kwenye fimbo, tochi inawaka, kamera inarekodi, akaichomeka humo ndani taratibu. Walipoiangalia ile video wakaona: kiungo cha bomba kinadondosha maji. Wakatoboa kitundu kingine chini yake tu, shemeji akapitisha mkono, akakaza, wakaziba. Dari ikabaki dari.

Shemeji akamtazama, akatazama juu, akamtazama tena.

"Shemeji, dari ya watu unaihurumia hivi. Shingo yako je?"

Twiga alimporomoshea matusi yasiyoandikika. Ila alipofika nyumbani alisimama mlangoni, akamwambia mkewe, "Kesho vaa viatu."

Alipozinduka baada ya upasuaji, kitu cha kwanza kuona kilikuwa dari ya wodi. "Ile kona imepinda," akasema. Mkewe machozi na kicheko vikamtoka pamoja. Akampa kiganja. "Nibane."

Akabana.

"Aii! Unaniumiza!"

"Pole, mama." Pole gani, mtu anachekelea mpaka magego! Ule moto wa mkono ulikuwa umezima. Gumba bado lina ganzi, na daktari akasema mshipa una mwendo wake wenyewe, avumilie. Ila jukwaa marufuku kwa sasa, na kuangalia juu marufuku.

Fundi dari asiangalie juu! Ungefanyaje? Yeye alibeba kioo cha mkewe mpaka kazini. Akakaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba, kioo mapajani, dari yote imo ndani yake, na shemeji yuko juu anatoka jasho.

"Sogeza kushoto!"

"Kushoto kwako au kwa kioo?"

"Kushoto kwa mwenye akili!"

Mkewe akaingia na chakula, akakiona kioo chake. "Ukikivunja hicho, utanieleza."

Twiga akakiinua kutoka mapajani mpaka usawa wa kifua kwa mkono wa kulia peke yake, akakishikilia hapo hapo hewani. Hakikutikisika. Mke akakitazama kitambo, mkononi chakula kinapoa.

"Haya shusha," akasema. "Usijifanye."

"Shemeji," Twiga akaita, kioo bado kiko hewani, "skrubu ya mwisho haijaingia vizuri. Naiona."